Yoga ya Afande Gaster

Kwenye teksi ya kutoka Jinja, Bibi Nakisige alipakata samaki wake akimsikiliza Gaster, askari magereza, akimlalamikia jirani yake kitini, Siraj muuza vitenge. "Leo Mbale wanachagua timu ya karate, na mguu haunyanyuki." "Lakini afande, si umesema yoga inalainisha nyonga?" "Mwalimu alisema ninyooshe pole pole. Mimi nikamwambia mwenzangu anikandamize mgongoni huku anapuliza filimbi. Kitu kikakatika." Siraj akacheka. "Yoga umeifanya kwata!" "Bwana, sisi hiyo pole pole tumefundishwa wapi?" Bibi akawavuta samaki wake karibu, mguu upate njia. Teksi ikasimama Namatala, pembezoni mwa Mbale. Gaster akauinua mguu kwa mikono miwili, kama mzigo wa mtu mwingine, akautua barabarani.