Kamera Isishushwe: Risala ya Wasaidizi wa Utafiti Siku ya Kumuaga Profesa Wetu

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Naibu Waziri. Mkuu wa Kituo. Profesa wetu tunayemuaga leo. Walimu, mafundi na ndugu wote mliopanda kilima hiki,

Karibu

Sisi wasaidizi wa utafiti wa kituo hiki cha kuangalia anga tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tumefagia ngazi, tumepaka rangi mlango wa kuba, na yule njiwa aliyejenga kiota juu ya taa tumembembeleza ahame, akakataa. Utuwie radhi.

Historia ya Profesa wetu

Profesa alianza kazi hapa akiwa kijana kama sisi. Alianza na galaksi, yaani yale makundi makubwa ya nyota yaliyo mbali na kundi letu, akiyapanga kwa maumbo yake. Kisha akakutana na kwasari moja, na hapo akanasa. Kwasari ni kiini cha galaksi ya mbali sana, ambamo gesi inamezwa na shimo jeusi, na ikiwa njiani kumezwa inawaka kuliko nyota zote zinazoizunguka. Katika darubini yetu ni kitone tu. Binti yake humuuliza, "Mama, hivi hicho kitone hakijakuchosha?" Naye humjibu, "Wewe umenichosha mara ngapi, na bado nakuangalia?"

Ila kwasari hii inaonekana mara mbili, kama vitone viwili. Kati yake na sisi kuna galaksi nyingine, na uzito wake unaupinda mwanga ukatufikia kwa njia mbili, moja ndefu kuliko nyingine. Kwa hiyo kwasari ikimeremeta, kitone cha kwanza kinatuonyesha leo, na cha pili baada ya mwaka na zaidi. Ni kama mapacha: mmoja akikohoa sasa, mwenzake anakohoa mwakani. Anayepima pengo hilo la muda anaweza kukadiria ulimwengu unatanuka kwa kasi gani. Hiyo ndiyo kazi ya maisha yake.

Mafanikio

Ni mengi. Wanafunzi wake wanafundisha vyuo vya karibu na vya mbali. Makala zake kuhusu galaksi tunazisoma darasani hadi leo. Pengo lenyewe hajalipima. Sababu yake, Mheshimiwa, ndiyo changamoto yetu.

Changamoto

Tuseme bila kuzunguka: changamoto yetu ni wageni rasmi.

Kila anapokuja mgeni, tunaagizwa kushusha kamera kutoka kwenye darubini kubwa na kufunga mahali pake kioo cha kuchungulia, ili aone mwezi. Kuirudisha kamera na kuisawazisha ni kazi ya wiki nzima na zaidi. Mara ya kwanza kitone cha pili kilipokaribia kung'aa, alikuja mgeni. Akachungulia, akasema, "Kumbe una mashimo," akaondoka. Tulipomaliza kusawazisha, mng'ao ulikuwa umeshapita. Profesa akasubiri miaka mingi mpaka kwasari ikameremeta tena. Zamu ya kitone cha pili ilipokaribia, akaja mgeni mwingine. Huyo hata hakuchungulia. Alipiga picha pamoja na darubini.

Mwaka jana kitone cha kwanza kilimeremeta kwa mara ya tatu. Wiki hii, tukiwa katika kupanga viti vya sherehe hii, cha pili kimeanza kupanda. Na kwenye ratiba uliyo nayo mkononi, baada ya chakula, imeandikwa: "Mgeni rasmi kutazama mwezi."

Tulimwendea afisa itifaki. Tukamweleza kwamba tumeweka darubini ndogo ya wanafunzi uani, na mwezi unaonekana vizuri tu.

"Nyie vijana," akasema, "mheshimiwa mzima mnampa kidarubini? Mnataka nifukuzwe kazi?"

Tukamwambia mwezi ni uleule.

"Itifaki siyo ileile," akasema.

Profesa alipotusikia tukibishana alisema tu, "Acheni, wanangu. Mimi nimeshazoea."

Mheshimiwa, neno hilo ndilo lililotukalisha chini tukaandika. Hatutaki azoee. Mwisho wa mwezi huu anakabidhi funguo. Hana mng'ao wa nne wa kusubiri.

Ombi

Tulikuwa na maombi mengine: paa la maktaba, maji, gari lililokufa pale getini. Tumeyafuta yote, ili hili lisipotee katikati yake.

Hatukunyimi mwezi. Twende sote uani, uutazame mpaka utosheke, na Profesa mwenyewe akueleze mashimo yake moja moja. Lakini kamera ibaki ilipo.

Fundi wetu yuko ndani ya kuba sasa hivi, juu ya ngazi, spana mkononi. Ameagizwa aanze kufungua kamera mara tutakapomaliza kusoma risala hii. Sisi hatuna mamlaka ya kumzuia, wewe unayo. Kwa hiyo kabla hatujafika mwisho, Mheshimiwa, tunaomba umwambie ashuke.

Mungu akutunzie macho yako hadi uzeeni, akurudishe nyumbani salama, na ayaweke mawingu mbali nasi mpaka mama yetu huyu amalize kazi yake.

Ni sisi,
Wasaidizi wa Utafiti,
Kituo cha Kuangalia Anga.