Uji Alioukataa Baba

Makofi yawekeni kwanza, ndugu zangu. Mkishanisikiliza mtaamua wenyewe kama nastahili kupigiwa. Nitasema Kiswahili, maana leo tuna wageni waliokuja kutuunga mkono katika kazi hii ya kuifufua lugha yetu ya Kizinza, na sipendi mgeni akae kwenye kiti kutwa nzima akitabasamulia mambo asiyoyaelewa. Kazi hiyo nimeifanya mimi mwenyewe, naijua inavyochosha. Wazee wangu, shikamooni. Haya, na ninyi wengine hamjambo.

Mimi ni fundi cherehani pale Mirongo. Ni mjane, watoto wangu wametawanyika na kazi zao, na nyumba ninayokaa ndiyo ile ile niliyokulia, nyumba ya baba yangu. Baba alikuwa karani kwenye ghala la pamba. Kiswahili chake kilinyooka kama suruali zake, na suruali zake zilikuwa hazikosi pasi. Watu walikuwa wanamwomba awe msemaji kwenye harusi za familia asizozifahamu, kwa sababu tu akisimama kuongea, ukumbi unanyamaza.

Sasa huyo msemaji wa harusi alipiga marufuku Kizinza ndani ya nyumba yake. Mtoto aliyesikika akitamka neno la Kizinza hakula usiku huo. Hakukuwa na kesi wala kujitetea. Sahani yako inaondolewa, na wewe unabaki pale pale mezani ukiwatazama wenzako wanavyotafuna, na mama haruhusiwi kukufichia kiporo. Mimi ndiye mkubwa, ndiye niliyeanza kuongea kwa lugha ya mama, kwa hiyo ndiye niliyekaa na njaa mara nyingi kuliko wadogo zangu, mpaka lugha ikanitoka yote. Na mama, ambaye Kiswahili kilikuwa kinamkwama kooni, akaamua kunyamaza tu. Nawaambia kweli, mama yangu alifariki nikiwa sijawahi kumsikia akisimulia kitu kimoja toka mwanzo mpaka mwisho. Wanawake wa mtaani walisema anajivuna.

Miaka ikaenda. Baba akastaafu, akazeeka, mimi nikarudi kumtunza. Kisha kiharusi kikamkuta bafuni. Upande wa kulia ukafa, na sauti ikapotea kabisa. Tulipokuwa tumeshakata tamaa, sauti ikarudi, lakini ilirudi na Kizinza peke yake. Kiswahili chote, cha ghalani na cha harusini, kilikuwa kimefutika. Hakiongei, na ukimwongelesha hakisikii. Daktari akanieleza kwamba huwa inatokea, mtu anabaki na lugha aliyoanza nayo. Akaniambia kwa upole, "Mama, ongea naye kwa hiyo lugha." Nikacheka. Nilicheka mpaka wauguzi wakatazamana.

Hapo ndipo taabu yangu ilipoanza. Asubuhi naingia na bakuli la uji, "Shikamoo baba," nampelekea kijiko. Anafunga mdomo. Anafunga kweli, mpaka taya linatetemeka. Kisha anageukia ukutani na kusema maneno yake, yale yale kila siku, polepole, kwa sauti ya chini. Mimi nikajua ananiombea. Msinicheke bado. Nilikuwa nawasimulia hadi wateja wangu, huku nawapima viuno, kwamba mzee wangu hana nguvu lakini hakuna asubuhi asiyomwombea binti yake. Wakaniambia nimebarikiwa.

Na huku anakwisha. Hospitalini walimpima koo wakakuta ni zima. Mchana akiwa nusu usingizini alikubali maziwa kidogo, basi. Mashati yake niliyapunguza mwenyewe kwenye cherehani, na baada ya muda nikayapunguza tena. Nilikuwa na unga ndani, nina maziwa, nina samaki, na baba anakufa njaa mikononi mwangu.

Mtu pekee ambaye baba alikuwa anakula mkononi mwake ni shangazi yangu mmoja, dada yake baba, anayekaa ng'ambo upande wa Sengerema. Tangu daraja la Kigongo lifunguliwe hakuna tena kungojea kivuko, kwa hiyo Jumapili hakosi. Anaingia, anapiga magoti, wanasemezana, baba anafungua mdomo na bakuli linakwisha. Mimi nimesimama pembeni na kitambaa cha kumfutia mdomo.

"Shangazi, anasema nini?"

"Muulize. Si baba yako?"

"Mimi Kizinza sisikii, shangazi, unajua."

"Aa, kumbe!" Akamgeukia baba, akamwambia kitu, wakacheka wote wawili huku wananitazama. Baba alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, ule uliobaki.

Nikamfuata mpaka kituoni. Nikamwambia, shangazi, kaka yako anakufa, niambie kosa langu ni nini. Akauweka vizuri mkoba begani. "Zamani nilipokuwa nakuja kwenu," akasema, "kaka alinikalisha jikoni nisije nikawaharibu watoto wake. Nilikula huku kuku wananidonoa miguuni. Na ninyi mlikuwa mnachungulia mlangoni mmeziba midomo mnacheka. Sasa na wewe kaa huko nilikokaa." Gari likaja, akapanda.

Ni mteja wangu mmoja aliyenileta hapa. Alileta vitenge vya sare ya kikundi, hizi mlizovaa leo nimezishona mimi, akaniona nashona huku machozi yanadondokea kitambaa. Nikamweleza yote. Akaniambia, njoo Butimba, kuna watu tunajifunza, na kuna bibi anatufundisha. Nikaja. Mkanisimamisha nijitambulishe kwa Kizinza kama ulivyo utaratibu, na mimi nikajikaza kisabuni, nikasema yale machache niliyookoteza njiani kwa yule mteja.

Ukumbi ukaangua kicheko. Wengine mko hapa, msiangalie viatu vyenu. Kuna mzee alicheka mpaka akatoa leso. Kuna mama aliniigiza namna nilivyotamka, na ambao walikuwa hawajacheka wakapata nafasi yao. Mnasema mnataka lugha isife, na mtu mzima ameiokota kwa mikono miwili kuwaletea, mnamcheka. Nikachukua mkoba nikatoka.

Bibi akanifuata hadi barabarani. Mteja wangu alikuwa ameshamweleza habari zangu. Nikategemea atanibembeleza.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani, bibi."

"Baba amekula?"

"Hajala."

"Sasa nyumbani unampelekea nini? Aibu inalika?"

Akanishika kiwiko, na mkono wa yule bibi hauna huruma, akanirudisha mpaka kiti cha mbele. Kuanzia siku hiyo akawa ananiita kwake kumenya mihogo. Kiswahili kinabaki nje ya geti. Nikiomba kisu kwa Kiswahili, hasikii. Niliwahi kukaa na kiu mchana mzima, maji yako mbele yangu, yeye anamenya tu na kuimba, mpaka nilipoweza kuyaomba inavyotakiwa. Wageni wetu, mnamwona pale anavyotabasamu, msidanganyike. Lakini alinianzishia na maneno ya mgonjwa: njaa, baridi, panauma, nigeuze. Akanifundisha na namna mtoto anavyomwamkia mzazi wake. Hiyo nikawa naisema asubuhi nimesimama mlangoni, bakuli mkononi, haraka haraka, kama mtu anayepiga hodi. Baba alikuwa ananitazama kidogo, kisha anageukia ukuta.

Asubuhi moja nimeingia, nimesema salamu yangu ya mlangoni, nimepeleka kijiko, amefunga mdomo. Akaanza maneno yake. Na bila kutegemea, nikasikia. Si yote. Neno hapa, neno pale, halafu yakaungana. Baba yangu alikuwa anasema: "Mwanamke huyu ametoka wapi? Hapigi magoti. Haningoji niitikie. Ananisukumia kijiko kama analisha mbwa. Wanangu wako wapi? Wameniachia mgeni aniue."

Hayo ndiyo maombi yangu, ndugu zangu. Ndiyo baraka niliyokuwa naitangaza Mirongo nzima.

Nilitamani kummwagia ule uji, nasema kweli mbele za Mungu. Nikamfokea kwa Kiswahili, kwa sauti ya juu, majirani wakasikia: ulininyima chakula kwa sababu ya kuijua lugha hii, leo unakufa ili kunikomesha kwa kutoijua! Akanikodolea macho. Hakuelewa hata neno. Nikaenda jikoni nikalia mpaka uji ukaganda juu.

Nilipomaliza kulia nikawaza lile alilosema baba, kwamba sipigi magoti. Kwetu, na bibi alikuwa ameshanieleza nikaona ni madoido tu, mtoto hamgusi mzazi na chakula kabla hajapiga magoti akamwamkia, akangoja kimya mpaka aitikiwe. Asiyefanya hivyo ni mtu baki, na mtu mzima mwenye heshima zake hali mkononi mwa mtu baki. Kumbe hakuwa ananichukia. Hakujua kuwa ni mimi, kiharusi kilikuwa kimemfutia na sura yangu. Sijui lipi lilinichoma zaidi.

Nikaupasha uji moto. Nikarudi, nikaweka bakuli sakafuni, mbali na mkono. Nikapiga magoti mbele ya mtu aliyenilaza njaa utotoni, na magoti yalikataa, nikayalazimisha. Nikamwamkia polepole, neno moja moja, na makosa yangu. Nikangoja. Akanitazama usoni, akashuka hadi magotini. Kisha akaitikia. Akauliza, "Wewe ni wa nani?"

Nikamwambia, "Ni wako. Wa kwanza."

Akanitazama tena, na uso wake ukaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. "Unaongea kama mtoto mchanga," akasema. Halafu akafungua mdomo.

Alikula lile bakuli lote, na akaendelea kula kwa miezi aliyobakiza. Msidhani aligeuka malaika. Nikikosea neno alinichapa kibao kwa ule mkono wa kushoto, wenye nguvu. Siku moja nikajipa moyo, nikamuuliza kwa Kizinza kwa nini alitukataza. Ndipo aliponisimulia kwamba shuleni kwao mtoto aliyekamatwa anaongea kilugha alivishwa mfupa wa ng'ombe shingoni, anatembea nao hadi amkamate mwenzake amvishe. Yeye hakutaka kumkamata mwenzake. Akaubeba mpaka wakasahau jina lake, wakamwita kwa huo mfupa. "Nilitaka msije mkachekwa," akasema. Nikamwambia, "Baba, nimechekwa. Ukumbi mzima." Akasema, "Uji umepoa." Hiyo ndiyo samahani niliyopata, na sikupata nyingine.

Shangazi alipokuja Jumapili yake akatukuta tunaongea. Akasimama mlangoni na mkoba wake. Baadaye akaniambia bila kuzunguka, "Kosa lako nililijua tangu siku ya kwanza. Nilitaka uonje." Huyo sijamsamehe. Anakuja mpaka leo, nampikia, anakula sebuleni kwenye kiti kikubwa, tunaongea Kizinza vizuri tu, na bado sijamsamehe. Mniombee hapo.

Baba alifariki mvua za vuli zilipoanza. Siku ile aliomba maji. Nikasikia kuwa ni maji, nikampa, akanywa. Jambo dogo hilo, lakini lilinirudisha kwa mama. Mama naye aliniomba kitu siku yake ya mwisho. Alirudia mara kadhaa, amenishika mkono, nami nikawa naitikia tu "ndiyo mama, ndiyo mama." Sauti yake bado ninayo, ila maneno hayakukaa kichwani, maana neno usilolijua halina pa kukaa. Leo ningeyaelewa. Leo ningeinuka nikamletea, hata kama ni maji.

Nawashukuru. Namshukuru mteja wangu, amekaa pale anajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Namshukuru bibi kwa mihogo na kwa kiu. Namshukuru na yule mzee mwenye leso, alikuja kunipa pole msibani na akalia kuliko mimi. Wageni wetu, mmetuletea vinasa sauti na mmetuahidi vitabu vya watoto, tunawashukuru sana, vyote tutavitumia. Ila kifaa cha kumzuia mtu kucheka hamkuleta, na sidhani kama kinauzwa popote. Hiyo kazi ni yetu wenyewe. Wanaoijua lugha wanailinda kwa kuwacheka wasioijua, wasioijua wanafunga midomo, na wenye kuijua wanazeeka mmoja mmoja huku wanalalamika kwamba vijana hawataki. Wanataka. Wanawaogopa ninyi.

Namalizia. Kuna mama amekaa karibu na mlango, leo ndiyo siku yake ya kwanza, na sitamsema zaidi ya hapo. Nikikaa, atasimama ajitambulishe kwa Kizinza. Atakosea, maana hakuna namna nyingine ya kuanza. Na mimi sitamtazama yeye. Nimekigeuza kiti changu, nitakuwa nawatazama ninyi midomoni.