Maji ya Vuguvugu

Mshona nguo alikaa nyuma ya wanawake wawili kwenye basi, na masikio hayana pazia.

"Mjukuu wangu alizaliwa nyumbani ghafla, mimba ya miezi saba, hazidi kiatu," alisema bibi mwenye kofia ndogo ya kufuma mkononi. "Nikamwogesha papo hapo. Kwa maji ya vuguvugu, mwanangu, si ya baridi!"

"Maji yakikauka mwilini huondoka na joto lake," alijibu jirani yake, mkunga mwenye sare. "Mtoto njiti, asiyetimiza miezi, anakaushwa, anavishwa kofia, anawekwa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi. Kuoga kungengoja."

"Wanangu tisa niliwaogesha hivyo hivyo."

"Hao walitimiza miezi, bibi."

"Baba yake alikuwa mlangoni. Nilitaka amwone msafi. Tangu jana mtoto amelazwa, halii wala hanyonyi. Binti yangu hajui kwa nini. Nimwambie?"

Mshona nguo akasogeza sikio karibu zaidi. Mkunga akatazama dirishani.

Basi likasimama. "Wa hospitali!" konda akaita.

Mkunga akainuka. Bibi alibaki kitini, kofia ameivika ngumi yake, kana kwamba anaipasha joto kwanza.