Mwaka wa Siku Nne

Benchi letu lipo mtaa wa Kambarage, mbele ya kibanda changu cha kutengeneza baiskeli. Asubuhi Zakia huja na birika lake la kahawa, na wazee wawili huwa wameshafika kabla yake. Mmoja ni Masudi, fundi cherehani mstaafu, tunayemwita Redio kwa sababu habari haziishi mdomoni mwake. Wa pili ni Mzee Ngassa, jina la kijiweni Kamba, aliyechimba dhahabu Rwamgasa enzi za ujana wake. Jumamosi hiyo Redio alikuja na sayari.

— Jana wametangaza, alisema. Kuna sayari, dude zima kama Mshtarii, iko mbali huko inazunguka nyota yake kwa siku nne tu. Imeisogelea mpaka inaungua.

— Kwa hiyo mwaka wake ni siku nne? nikauliza.

— Ndiyo hivyo.

— Basi huko Idi kila baada ya siku mbili, alisema Zakia. Na Ramadhani unaanza kufunga baada ya chai, magharibi haijafika mwezi mzima umekwisha.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Redio. Mimi huko nina miaka karibu elfu sita. Niamkieni vizuri.

— Dude kubwa hivyo halikuzaliwa motoni, nikasema. Lilitoka mbali, likafuata joto kama paka jikoni.

— Wewe hujui, alisema Redio. Ile ni dhahabu tupu iliyoyeyuka. Unadhani Wazungu wanaitafutia nini?

Kamba akamgeukia Redio. Akauliza:

— Waliionaje?

— Hawakuiona, mzee. Waliona nyota inatikisika. Inaenda huku, inarudi huku. Wakasema, hapa kuna mzito anaivuta. Ya kwanza waliipata hivyo mwaka tisini na tano.

Kamba akaweka kikombe chini.

— Tisini na tano nilikuwa Rwamgasa, alisema. Duara letu, shimo la kuchimbia, lilikwenda chini futi mia na ishirini. Mwenzangu Bujiku anashuka kuchimba, mimi niko juu nimeshika kamba. Ukichungulia shimoni ni giza tu, ukiita hasikii. Lakini nilimjua kwa kamba. Akivuta mara mbili, mfuko umejaa mawe. Mara tatu, anataka kupanda. Hata akiimba nilijua, kamba ilikuwa inacheza mkononi.

Wakati huo alifika Violeth, mwalimu aliyehamia mtaani kwetu wiki ile, anasukuma baiskeli yenye pancha. Akatuamkia, tukaitikia, nikaigeuza baiskeli matairi juu. Yeye akakaa pembeni ya Zakia kusikiliza.

— Siku moja, aliendelea Kamba, mvua ilikuwa imekesha, kamba ikatikisika kidogo tu. Si mbili, si tatu. Ishara hiyo hatukuwa nayo. Wenzangu wakasema ni upepo. Nikawaambia, huyo ni Bujiku, vuteni. Tukamvuta. Amepanda tu ukingoni, ukuta ukashuka nyuma yake. Shimo lote likafukiwa.

— Kumbe alikuwa anakuita, alisema Zakia.

— Nilimwuliza. Akasema hakuvuta. Aliona mchanga unadondoka, akaishika kamba ili avute, mikono ikakataa. Alikuwa anatetemeka tu.

Redio akazungusha kikombe chake, Kamba akaendelea.

— Jioni tulisonga ugali, tukala na dagaa. Kesho yake Bujiku akarudi kwao Maswa. Akaniambia, njoo wakati wa mavuno, nikuonyeshe kwetu. Nikamjibu, gete, kweli nitakuja. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Tangu hapo nimeoa, nimelea, nimezika. Lakini sijamjua tena mtu namna ile, ya kumsikia bila kumwona.

— Mwenda pole hajikwai, alisema Redio taratibu. Haikuhusu kitu, lakini alimaanisha pole.

Violeth alisubiri, kisha akauliza kwa adabu, kama anavyouliza mtu yeyote habari za mzee:

— Na sasa hivi anaendeleaje, huyo Mzee Bujiku?

Redio akanitazama mimi, mimi nikatazama mpira wa tairi.

— Kila mavuno nilisema mwaka ujao, alisema Kamba.

Zakia akainua birika amwongeze. Kamba akafunika kikombe kwa kiganja. Akasimama, akafunga vifungo vya shati mpaka cha shingoni, akaniuliza kama magari ya Maswa bado yanapakia upande ule ule wa stendi. Nikamwambia ndiyo. Akatuaga mmoja mmoja kwa mkono, jambo ambalo kijiweni huwa hatufanyi, akaondoka.