Kiti cha Kiraka

Mheshimiwa Diwani, Mchungaji wetu, Mwenyekiti wa klabu yetu ya Nyota ya Meru, kocha wetu Mwalimu Gadiel, wachezaji wenzangu, wazazi, na ndugu wageni waalikwa mliokuja hapa Sekei kuniaga ninapostaafu kucheza mpira: wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo?

Mshereheshaji kaninong'oneza, "Da Ndeshi, usiwalize watu." Nitajitahidi, ila sitadanganya mbele ya Mchungaji.

Mmenisifu sana leo. Mmesema nimecheza beki ya kulia, beki ya kushoto, kiungo, winga, mshambuliaji, hadi golini. Mmeniita kiraka, mchezaji wa kuwekwa popote palipopungua mtu, na nilipokuwa msichana jina hilo lilinivimbisha kichwa. Nani asiyependa kuhitajika? Lakini Mwalimu Gadiel, kwa heshima zote, katika miaka yote hiyo uliwahi kuniuliza mimi napenda kucheza wapi? Unacheka. Hata mimi nilikuwa nacheka.

Mnaikumbuka mechi yetu na wale wa Lemara. Kipa wetu Hanna aliteguka bega, Mwalimu akanigeukia: "Ndeshi, vaa glavu, wewe si unaweza popote?" Nikavaa. Nikapangua penalti, mkashangilia mpaka sauti zikawakauka. Dakika za mwisho Catherine akafunga kule upande wa pili, na nyote, pamoja na benchi zima, pamoja na Hanna na bega lake, mkamrukia. Mimi nilibaki golini. Mvua ilikuwa imeanza kushuka kutoka mlimani. Nikaukumbatia mlingoti wa goli, ubaridi wake nausikia hadi leo, nikasema, "Tumeshinda!" Nilikuwa nauambia mlingoti.

Mabeki wana grupu lao la WhatsApp, washambuliaji wana lao. Kila nilipobadilishiwa namba niliondolewa huku, na kule wakasahau kuniingiza. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, najua. Kila mmoja alidhani niko kwa wenzake.

Na leo je? Ukumbi umependeza, Penina na kamati yako hongereni sana. Mmepanga meza ya makipa, meza ya mabeki, ya viungo na ya washambuliaji. Nilipofika nikasimama mlangoni na kitenge changu kipya. Kila meza ikanipungia mkono kwa upendo kabisa, kisha ikaendelea kula loshoro, mahindi yetu ya mtindi. Nikaenda kusimama karibu na spika, nikajifanya nasubiri kuitwa, na hapo ndipo nilipokuwa mpaka mliponiita. Jamani, sherehe ni yangu, na sikujua nikae wapi.

Sina hasira na mtu. Nina upweke, nao ni wa siku nyingi, nikaona niuseme nikiwa bado nimeshika maikrofoni.

Nasikia mmeniandalia ndama. Nashukuru kutoka moyoni, nitampeleka Kikwe kwa mama. Ila Mwalimu, swali ambalo hukuniuliza, nami sikuwahi kulijibu bila kuulizwa, jibu lake ni beki ya kushoto, jirani na Sabina. Si kwamba nilicheza vizuri zaidi pale. Sabina alikuwa anaongea na mimi mechi nzima.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Sabina, nashuka sasa. Sogea kidogo, mwenzako nikae.