Glenys Pardoe na Karatasi Aliyoikana

Ijumaa ya tarehe 27 Septemba 2019, Bi Glenys Pardoe anastaafu uigizaji baada ya miaka hamsini na miwili na filamu sitini na tatu. Jarida letu la wafanyakazi wa Studio za Harmer Lane limeniomba mimi, Noreen Tuffnell, niandike wasifu wake, kwa sababu kwa miaka kumi na moja nilianguka kwa niaba yake. Kila alipoonekana akidondoka kutoka kwenye farasi, ngazi au paa, aliyedondoka ni mimi, nimevaa wigi lake na gauni lake. Mwenyewe alikuwa pembeni kwenye kiti cha turubai, amefumba macho, maana hakuweza kutazama.

Glenys alizaliwa Cradley Heath, mji wa wafua minyororo, na baba yake alikuwa mmoja wao. Alipofika London kusomea uigizaji, mwalimu wa sauti alimsikiliza dakika moja tu. "Binti," akasema, "kwa lafudhi hiyo utapata kazi ya kupiga deki." Akajifunza kusema kama watu wa London, na kazi ya kwanza aliyopata mwaka 1967 ilikuwa ya mtumishi wa hoteli mwenye ndoo na dekio. Filamu yenyewe ilikuwa ya kuchekesha, naye alipewa maneno manne: "Maji yamekatika tena, bwana." Aliyatamka kwa uso mkavu kiasi kwamba mafundi wa taa waliangua kicheko, na ikabidi tukio lirudiwe mara sita.

Baada ya hapo zikaja filamu za kutisha. Aliuawa na wanyonya damu mara tisa, katika makasri ya mbao nyembamba ambayo ukipiga chafya ukuta unacheza. Damu ilikuwa sharubati ya sukari iliyotiwa rangi, na kiangazi cha 1971 maiti yake ilinyanyuka na kukimbia uwanja mzima ikifukuzwa na nyigu. Alikuwa pia muuguzi wa vitani, malkia aliyekatwa kichwa, na mke wa jasusi. Watu walikuwa wakisema huyu anaweza kila kitu. Nami nilikuwa najivunia, kana kwamba nusu ya sifa ni yangu.

Mwaka 1978 tulikuwa tukitengeneza filamu ya majambazi wa zama za magari ya farasi. Nilitakiwa kuruka kutoka dirisha la juu la nyumba ya wageni na kutua kwenye rundo la maboksi matupu, yaliyopangwa pale ili yavunje kishindo. Niliruka mara tatu. Mvua ikanyesha, mwongozaji akataka mara ya nne.

"Maboksi yamelowa," nikamwambia.

"Mara moja tu, Noreen. Mwanga unatutoroka."

Glenys alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale, akasikia yote. Nikaruka. Maboksi yalibonyea kama mkate uliochovywa kwenye chai, nami nikavunjika nyonga na pingili mbili za mgongo.

Kampuni iliyotengeneza filamu ile ilikwisha kufa zamani, na sina haja ya kuifufua kwa kuitaja. Haikutaka lawama. Iliandaa maelezo yaliyopigwa taipu kabisa, kwamba asubuhi ya ajali Glenys alinusa pombe kinywani mwangu. Mtayarishaji mwenyewe alimpelekea Glenys kwenye chumba chake cha kubadilishia nguo, siku ya Jumanne, pamoja na mkataba wa filamu tatu.

"Ni utaratibu tu, mpenzi," alimwambia. "Noreen atatunzwa vizuri. Weka sahihi hapa, halafu hapa."

Akaweka.

Alhamisi alikuja hospitalini na bakuli la zabibu. Nilikuwa nimelala chali, plasta kuanzia kifuani hadi magotini, na nilifurahi kumwona. Nikamwambia sina wasiwasi wowote na uchunguzi wa ajali, kwani yeye ni shahidi. Akaliweka bakuli kando yangu, machozi yakimtoka. Kisha akaongea kwa lafudhi ya kwao, ambayo katika miaka yote ile sikuwahi kuisikia.

"Noreen, nimekuuza."

"Umeniuza vipi?"

"Nimetia sahihi kwamba ulikuwa umelewa."

Nilimtupia zabibu, kisha bakuli. Muuguzi akaja mbio. "Toka!" nikapiga kelele. "Toka hapa, na hayo machozi yako ya kulipwa!"

Baraza la uchunguzi lilikaa mwezi Februari, katika ukumbi wa baridi kali. Niliingizwa kwa kiti cha magurudumu. Wakili wa kampuni akamwonyesha Glenys ile karatasi.

"Hii ni sahihi yako, Bi Pardoe?"

"Ni yangu."

"Basi unathibitisha maelezo haya."

"Hapana. Ni ya uongo, na nilijua ni ya uongo nilipokuwa natia sahihi. Noreen hanywi hata chai kabla ya kuruka. Alimwambia mwongozaji maboksi yamelowa. Nilimsikia."

"Kwa hiyo unatuambia wewe ni mwongo?"

"Nilikuwa mwongo Jumanne ile, bwana. Leo siyo."

Nilipata haki yangu. Yeye alitoka pale bila mkataba, na magazeti yakamwita mwongo kwa herufi kubwa. Simu yake ikanyamaza miaka sita. Alikuwa sauti ya nungunungu katika kipindi cha vikaragosi vya watoto. Alikoroga mchuzi wa unga katika matangazo ya televisheni. Alicheza filamu za kutisha za bei ya chini kabisa, zilizomalizika kwa siku kumi na mbili. Sikumwonea huruma. Nilijifunza kutembea upya, na nikamchukia kwa kila hatua.

Mwaka 1981 akanipigia simu.

"Hawa wa filamu yangu mpya ya kutisha wanataka mtu wa kuwafundisha wasichana kuanguka. Nimewaambia yupo mmoja tu."

"Siwezi kuruka tena, Glenys."

"Nani kasema uruke? Nimesema ufundishe."

Nilikwenda kwa sababu nilitaka kazi. Siku tatu nzima nilimsemesha mambo ya kazi tu. Siku ya nne mvua ilitufungia kwenye banda la ng'ombe la shamba tulikokuwa tunapiga picha, tukajibanza wawili chini ya turubai la kufunikia dude letu la mpira, zimwi la filamu ile, lililokuwa linanuka gundi. Akakata mkate wake wa jibini na vitunguu, akanipa nusu bila kunitazama. Nikaula. Tangu siku hiyo sijakosa kazi, na wote mnaoanguka vizuri katika studio hii mmepitia mikononi mwangu.

Mwaka 1985 mwongozaji kijana alimpa nafasi ya mjane mfua nguo. Glenys aliomba aicheze kwa lafudhi ya Cradley Heath, na filamu ile ndogo ikampa tuzo kubwa. Yule mwalimu wa sauti, aliyekuwa na miaka tisini wakati huo, alimtumia kadi: "Nilikosea kuhusu deki." Uzeeni akawa malkia wa sayari ya barafu, mwenye masikio sita ya mpira yaliyochukua saa nne kubandika. Mpaka leo watoto humpigia magoti dukani, naye huwainulia mkono kwa heshima zote, mkono mwingine umeshika viazi.

Machi mwaka huu, akiwa na miaka sabini na mitatu, alisoma mswada mara tatu na maneno hayakukaa kichwani. Mwongozaji akajitolea kumwandikia maneno yake ubaoni, nyuma ya kamera. "Hapana, mwanangu," akamjibu. "Macho yangu yatakuwa yanasoma, na watu huangalia macho." Akarudisha mswada.

Nilipopewa kazi ya kuandika haya, nilimpigia simu.

"Ile karatasi niiache?"

"Ukiiacha, Noreen, siji kwenye sherehe."

"Watu watakutazama vibaya, shoga."

"Watazame. Wamenitazama miaka hamsini."

Nikacheka, nikakata simu, na kwa mara nyingine sikusema lililonijaa moyoni. Nalisema sasa, mbele ya wenzetu wote. Glenys, nilikusamehe siku ile bandani, nikiwa na mkate wako mdomoni. Sikukuambia. Nimekuacha ukisubiri miaka thelathini na minane, na kosa hilo ni langu mimi.

Ahsante kwa filamu zote, na ahsante kwa mwezi Februari. Jumatatu hakuna gari litakalokupigia honi mlangoni saa kumi na moja alfajiri. Lala mpaka uchoke kulala, unywe chai ikiwa bado ya moto, na siku zako zote zilizobaki ziwe za kwako mwenyewe.