Ewen Mathieson, Aliyeanza na Shamba Lake

Marehemu Ewen Munro Mathieson, tunayemzika leo hapa Strathorrin, alizaliwa tarehe 3 Machi 1834 karibu na Lairg, Uskochi, mtoto wa tatu wa mpangaji maskini. Alipokuwa na miaka saba, mwenye ardhi aliwafukuza wapangaji wote ili afuge kondoo. Mama yake alitoka na chungu cha uji kikiwa bado cha moto.

Alisoma shule ya kanisa hadi miaka kumi na mitatu. Mwaka 1857 alivuka bahari hadi koloni letu hili la kusini, akashuka melini Dunedin, akawachungia watu kondoo, kisha akakodi malisho haya. Alijua kufuga kuliko kuimba, kama waumini wa kanisa hili wanavyokumbuka. Mwaka 1866 alifunga ndoa na Isobel Petrie.

Mwaka 1887 alichaguliwa kuwa mbunge. Miaka mitano baadaye aliipigia kura sheria ya kuwagawia ardhi wasio nayo, iliyochukua bonde lake la chini na la rafiki yake, Bwana Farquhar Geddes. Geddes alimfuata hadi langoni.

"Umetuuza, Ewen."

"Nimeanza na langu, Farquhar."

"Lako ni lako. Nani alikutuma ugawe langu?"

Hawakusalimiana tena. Kondoo wa marehemu waliopotelea kwa Geddes walirudishwa kila mwaka, kama ilivyo desturi yetu, lakini waliachwa langoni bila neno. Hilo lilimuuma marehemu kuliko matusi yote ya magazetini.

Julai mwaka huu, katikati ya majira yetu ya baridi, theluji ilipofukia milima, aliacha kikao cha Bunge Wellington, akapanda na watu wake kukanyaga theluji ili kondoo wa Geddes wapate njia ya kuteremka.

"Nani kakuita?" Geddes aliuliza.

"Kondoo wako. Wewe hata barua hujibu."

"Basi kaa nyuma, mzee, usije ukanifia huku."

Alikataa, akatangulia mbele. Kondoo waliteremka salama. Yeye alirudi na homa ya mapafu, akafariki nyumbani tarehe 19 Agosti 1895, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Ameacha mjane wake Isobel, mwanawe Donald, binti yake Christina, wajukuu wanne, familia zinazolima leo palipokuwa malisho yake, na sisi vijana, ambao hatutakubali sheria ile ifutwe tukiwa hai.

Amemwacha pia Bwana Geddes, aliyeomba kubeba jeneza upande wa kichwa. Geddes ameagiza isemwe hapa wazi kwamba kuhusu ardhi hajabadili mawazo. Jeneza atalibeba hivyo hivyo.

Apumzike sasa, katika ardhi ambamo hakuna atakayemfukuza.